Bob Moses, mwalimu wa hesabu wa Same

Kila mwaka nikifika kwenye namba hasi, nawaambia wanafunzi wafunge madaftari, tupande basi. La kufikirika, la kweli lingetaka nauli. Same ni sifuri. Ukielekea Moshi, tuseme kituo cha kwanza ni Mwanga: chanya moja. Ukielekea Tanga, Makanya: hasi moja. Aliyepanda Makanya akashuka Mwanga amesogea vituo vingapi? Viwili, upande wa Moshi. Haya, andika: 1 − (−1) = 2. Ile kanuni ya hasi mbili kuzaa chanya, tunayoikariri kama dua, hapo inaota miguu.

Mbinu yenyewe si yangu. Nimeiiba kwa Bob Moses, Mmarekani mweusi aliyefundisha hisabati hapo hapo Same kuanzia 1969 hadi katikati ya miaka ya 1970. Walimu wengi ninaokutana nao hawajawahi kumsikia.

Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1935. Alisoma falsafa Harvard, kisha akawa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1960 aliona picha za wanafunzi weusi wa Kusini mwa Marekani wakikalia viti vya mikahawa ya wazungu na kukataa kuondoka, naye akafunga safari. Ella Baker, mwanamama wa harakati za haki za weusi aliyekuwa na mashaka makubwa na viongozi wa kushangiliwa jukwaani, akamtuma Mississippi. Huko Amzie Moore, mwenyeji aliyeijua hali ya watu wake, alimweleza kwamba dawa ilikuwa kura.

Kura yenyewe ilikuwa na mtihani mlangoni. Ulijaza fomu, kisha msajili, ambaye ni mzungu, akakuchagulia kifungu kimoja kati ya 285 vya katiba ya jimbo, ukinakili na kueleza maana yake. Majibu sahihi hayakuandikwa popote. Msajili ndiye mtunzi, ndiye msimamizi, ndiye msahihishaji. Mimi nimesahihisha mitihani miaka mingi, na najua mtihani wa aina hiyo unapima kitu kimoja tu: anayesahihisha anakutaka au hakutaki. Na waliofanyiwa hivyo ni watu ambao jimbo lile lile lilikuwa limewanyima shule.

Agosti 1961, akiwasindikiza wawili kwenda kujiandikisha mjini Liberty, Moses alipigwa kichwani kwa mpini wa kisu. Aliendelea kwenda nao hadi ofisini, shati likiwa na damu. Baadaye alimshtaki aliyempiga, na baraza la mahakama la wazungu watupu likamwachia huru. Mwezi uliofuata Herbert Lee, mkulima aliyekuwa akiwasaidia, aliuawa kwa risasi na mbunge wa jimbo.

Kiangazi cha 1964 chenye wanafunzi wa kujitolea wapatao 1,000 waliokuja kuandikisha wapigakura, na chama cha weusi wa huko kilichokwenda kwenye mkutano mkuu wa Democratic, Atlantic City, kudai viti vya ujumbe wa Mississippi kikapewa viwili tu, kikavikataa, hayo yameandikwa sana. Mimi navutiwa zaidi na alivyoendesha mikutano. Alikaa nyuma, akasema kwa sauti ya chini, akauliza swali, akanyamaza mpaka mkulima ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu asimame.

Alipoitwa jeshini kwa ajili ya vita vya Vietnam, tayari ana miaka 31, alikimbilia Kanada, kisha akaja Tanzania.

Aliporudi Marekani, mwaka 1982 aligundua kwamba shule ya binti yake Maisha, huko Cambridge, jimbo la Massachusetts, haikuwa na aljebra kwa darasa la nane. Bila aljebra mapema, mtoto hafiki hisabati ya juu, na milango mingi inafungwa kimya kimya. Kwake ulikuwa mlango ule ule wa Liberty, umepakwa rangi mpya. Akaanza kumfundisha Maisha na wenzake watatu, na hapo ukazaliwa Mradi wa Aljebra. Watoto walipanda treni ya mjini, wakachora safari, wakaisimulia kwa maneno ya nyumbani, wakakubaliana maneno ya pamoja, na mwisho kabisa ndipo zikaja alama. Baadaye alirudi kufundisha Mississippi, sekondari moja ya Jackson. Alifariki Julai 2021.

Wenzangu wengi huanza na alama. Mimi pia, nikichelewa na silabasi.

Juzi kijana mmoja wa nyuma aliniuliza: mtu akipanda Same, akapitiwa na usingizi hadi Mwanga, akarudishwa na basi la kushuka mpaka Same, amesafiri au hakusafiri? Darasa likacheka. Nikampa chaki.