Hata ukiikaanga iwe mkaa, kafeini haitoki

Kila nikiwasha mashine ya kukaangia kahawa lazima atokee mtu wa kuniambia: "Ya mama ikaange mpaka iwe nyeusi tii, daktari amemwambia apunguze kafeini." Huyohuyo mpe kikombe cha kahawa chungu kutoka kwenye dele, atakuapia kwamba hii ni kali, leo halali mtu. Jamani, chagueni moja: moto unaondoa kafeini au unaiongeza?

Hauondoi, wala hauongezi. Kafeini, ile inayokufukuza usingizi, ni sugu kwa moto. Huanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi 178 hivi, nami huishusha kahawa ikiwa imevuka 200, kwa hiyo kiasi kidogo hutoroka na moshi. Lakini punje nayo inapungua uzito: kilo 10 za kahawa ghafi hutoka 8 na nusu, ukizidisha moto hushuka hadi 8, na sehemu kubwa ya kilichopotea ni maji. Ukipima gramu kwa gramu, nyeusi na ya kahawia hazipishani sana. Ukichota kwa kijiko kuna tofauti kidogo, maana punje iliyokaangwa sana imevimba na ni nyepesi, kijiko kinabeba kahawa pungufu. Nafuu yote ni hiyo. Aina ya kahawa ina uzito zaidi: arabika ya Kilimanjaro ina kafeini kama asilimia 1.2, robusta ya Bukoba inakaribia mara mbili. Robusta iliyoungua ni robusta bado.

Na uchungu? Mwingi unatokana na asidi za klorojeni zinazovunjika motoni. Kafeini yenyewe ni chungu, ila mchango wake kikombeni ni mdogo. Dikafu (kahawa iliyoondolewa kafeini) ikikaangwa sana utakunja uso vilevile.

Kafeini huondolewa kahawa ikiwa ghafi. Aliyeifanya biashara ni Ludwig Roselius wa Bremen, Ujerumani, mwaka 1906: punje zililainishwa kwa mvuke wa maji ya chumvi, kisha zikaoshwa kwa benzini. Ndiyo, benzini, kemikali ya sumu. Iliachwa zamani. Siku hizi hutumika methilini kloridi au ethili asetati (kemikali zinazoyeyusha kafeini), kabonidayoksaidi iliyogandamizwa (njia ya Mjerumani Kurt Zosel), au maji. Methilini kloridi ndiyo inayowatisha watu, na kwa mfanyakazi anayeivuta kiwandani hofu hiyo ni ya haki. Kikombeni mimi hainisumbui: huchemka kwenye nyuzi 40, na Ulaya mabaki hayaruhusiwi kuzidi miligramu 2 kwa kilo ya kahawa iliyokaangwa.

Ya maji ndiyo mnayoirahisisha mno. "Si wanaloweka tu?" Loweka punje kwenye maji matupu uone: kafeini itatoka, na sukari, asidi na ladha vitaifuata, utabaki na kuni. Ujanja ni kutumia maji yaliyokwisha kushiba kila kitu cha kahawa isipokuwa kafeini. Chai iliyojaa sukari haiyeyushi kijiko kingine. Maji hayo nayo hayana nafasi ya kupokea ladha, nafasi iliyobaki ni ya kafeini peke yake. Baada ya hapo hupitishwa kwenye mkaa maalumu unaonasa kafeini, yakarudi kazini. Kwa hiyo mkaa unahusika kweli, ila si wa kuunguza punje zangu.

Ladha hupungua, sitawadanganya. Ila huwa nashuku kwamba lawama nyingine si ya mchakato: nani anapeleka kahawa yake bora kabisa ikaondolewe kafeini? Halafu kuikaanga ni kero. Punje huja zikiwa za kahawia tayari, rangi inakudanganya, na ule mlio wa kwanza wa kupasuka unasikika kwa shida. Vitabu vinatoa jedwali la dakika na nyuzi. Kwa dikafu naiamini pua yangu kuliko jedwali, na kuna siku hata pua inayumba.

Wala kafeini haiishi yote kwenye dikafu. Nchi nyingi za Ulaya zinataka isizidi asilimia 0.1 katika kahawa iliyokaangwa, Marekani kipimo cha kawaida ni angalau asilimia 97 iwe imetolewa. Kwa hiyo kama daktari amesema mama apunguze, njoo nikuuzie dikafu, tena nitaikaanga kawaida. Kama amesema asiiguse kabisa, usininunulie mimi kitu. Mchemshie mchaichai.