Mabato ya Ziwa Kivu: tunayoambiana bandarini na yaliyo kweli

Ukiketi saa moja tu kwenye bandari ya Kituku, hapa Goma, ukingoja bato, yaani boti la abiria, utalisikia ziwa likishitakiwa kwa makosa yote ya dunia. Lina gesi inayovuta mashua chini. Lina kina kisicho na mwisho. Likitaka mtu, halimwachi. Mama mmoja aliyekuwa amekalia mkungu wake wa ndizi aliniambia hivyo kwa upole, kama anayemfundisha mtoto: "Mutoto yangu, ziwa ikitaka mutu, inamubeba." Sikumbishia. Ni mkubwa wangu, na alikuwa amezika ndugu.

Lakini nimelivuka ziwa hili tangu enzi za kubebwa mgongoni, na kadiri ninavyofuatilia ajali zake ndivyo ninavyozidi kuona kwamba linasingiziwa. Lawama nyingi tunazolitupia zingefaa ziende kwenye mzigo na kwenye orodha ya abiria. Naandika haya kwa sababu kila uongo tunaoukubali kuhusu Kivu unampa mtu fulani nafasi ya kupakia magunia mengine kumi.

"Mabato huzama katikati, kwenye kina"

Kweli Kivu lina kina kirefu, karibu mita 480 penye kina zaidi. Ila mtu hahitaji mita 480 ili azame. Mita tatu zinamtosha. Na ukizipanga ajali kubwa za maziwa na vivuko vya Afrika Mashariki, utashangaa ni ngapi zilitokea watu wakiwa tayari wanaona nchi kavu.

Tarehe 3 Oktoba 2024 bato lililotoka Minova, mji mdogo wa Kivu Kusini, lilipinduka hapa hapa karibu na Kituku, mchana, maji yakiwa yametulia. Watu waliokuwa ufukweni waliliona likiinama, na wengine walilipiga picha kwa simu. Kwa mujibu wa gavana wa Kivu Kusini, lilikuwa na watu 278 na uwezo wake ulikuwa watu 80. Miaka thelathini kabla, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kule Mombasa kilipinduka mita 40 hivi kutoka gatini na kuua watu 272. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Ilitengenezwa kwa watu 101, na waliofariki peke yao walikuwa 228.

Kwa nini karibu na nchi kavu? Kila anayevuka anaijua ile dakika. Kapiteni anapunguza injini, mlio unabadilika, na watu wote wanasimama kana kwamba wameitwa. Simu zinatoka mifukoni. Bidoni, yale madumu, zinavutwa kutoka chini ya viti. Vijana waliokaa juu ya paa wanateremka kutafuta kolis zao, mizigo yao, na kila mtu anasogea upande mmoja, upande wa gati, aone ni nani amekuja kumpokea.

Bato lililopakiwa kwa kiasi likiinama hivyo, ule ubavu uliozama unasukumwa na maji na kulirudisha wima. Lililojazwa mpaka ukingo ukabaki kiganja kimoja juu ya maji halina nafasi ya kuinama. Maji yanaingia, na yakishaingia hayatulii mahali pamoja. Yanakimbilia upande ulioshuka na kuushusha zaidi. Mama anayechota maji ziwani analijua jambo hili kuliko wengi wetu: beseni lililojaa nusu ni gumu kubeba kichwani kuliko lililojaa kabisa, kwa sababu maji yanacheza. Ongeza mzigo uliowekwa juu, magunia ya makala (makaa) na magodoro kwenye paa, na uzito wote wa chombo unahamia juu. Hapo hakihitaji upepo. Kinahitaji watu wachache tu wa kugeuka kutazama.

Na tusiuchukulie uzito wa watu kama kitu kidogo. Ukichukua zile hesabu za gavana, abiria 198 zaidi ya uwezo, ukampa kila mmoja kilo 50 tu pamoja na mzigo wake, unapata karibu tani 10. Hakuna anayeweza kupakia tani 10 za simenti juu ya chombo cha namna ile bila watu kupiga kelele. Tani 10 za binadamu zinaingia mmoja mmoja, kila mmoja akisalimia.

Dawa ya hili ni ya zamani. Mwaka 1876 Bunge la Uingereza, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania jambo hilo kwa miaka, lilipitisha sheria ya kuchora alama ubavuni mwa meli: maji yakiifunika alama, mzigo umezidi. Ni rangi na brashi tu, na hata mtoto anaweza kuisoma. Siku hizi nikifika bandarini macho yangu yanaanza hapo kabla ya kutafuta kiti. Safari moja niliikuta alama ya bato letu iko chini ya maji kabla hata kamba haijafunguliwa. Nilishuka. Tikiti sikurudishiwa.

"Ni gesi ya methani inayowavuta"

Hii inapendwa sana kwa sababu nusu yake ni kweli. Chini ya Kivu kuna gesi nyingi ajabu: kiasi cha mita za ujazo bilioni 60 za methani na bilioni 300 za kaboni dioksidi. Lakini imeyeyuka ndani ya maji, kama ilivyo ndani ya chupa ya soda ambayo haijafunguliwa, na sehemu kubwa iko chini ya mita 250. Inashikiliwa huko na uzito wa maji yaliyo juu yake, pia na chumvi inayoyafanya maji ya chini yawe mazito yasipande. Bato linapita juu, kwenye maji ya kawaida kabisa, yale yale tunayofulia.

Watu wanakumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, lililotoa kaboni dioksidi tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Hofu hiyo ina msingi, na wataalamu wanaendelea kulipima Kivu kwa sababu hiyo hiyo. Ila angalieni Nyos ilivyokuwa: waliokufa walikuwa vijijini, wamelala, na gesi iliwafuata bondeni. Jambo la namna hiyo likitokea kwetu, halitachagua bato moja na kuliacha la jirani likipita salama. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata mji wetu katikati ikaingia ziwani, maji yakachemka ufukweni, na gesi ya chini ikabaki mahali pake. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, tangu 2016 methani hiyo inapandishwa kwa mabomba na kugeuzwa umeme.

Hatari ya gesi tunayopaswa kuwafundisha watoto ni nyingine, na jina lake ni letu wenyewe: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kukusanyika mabondeni, kwenye mashimo na sehemu za chini za ufuko wa kaskazini. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, hivyo inalala chini hasa alfajiri kabla upepo haujaanza. Imeua mbuzi, imeua watu waliolala pabaya, imeua waogeleaji. Mtu mzima anaweza kupita akiwa amesimama asijue kitu, na mtoto aliye mbele yake akaanguka. Nikimwona mtoto anashuka kuoga asubuhi penye majani yaliyokauka bila sababu, namwita arudi. Lakini mazuku haipindui bato.

"Wabelgiji ndio waliotuonyesha kuvuka"

Hapa najua nitarefusha, maana jambo hili linanigusa.

Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani, aliliona Kivu mwaka 1894, na vitabu vikaandika kwamba limegunduliwa. Wakati huo Bahavu walikuwa tayari wanaishi pande mbili, kisiwani Idjwi na kwenye ufuko wa Kalehe, wakioana, wakizikana na kudaiana ng'ombe kupitia maji. Watu wa namna hiyo hawawezi kuishi bila mitumbwi. Palikuwa hata na kitu kilichofanya kazi kama fedha: butega, bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni. Zilitengenezwa milimani magharibi, huko kwa Batembo, zikashuka mpaka ziwani, zikavushwa na kubadilishwa kwa mifugo na vyakula. Nikiona leo mama wa Idjwi anashusha mananasi Goma na kurudi na chumvi na sabuni, naona biashara ile ile, imebadilisha tu chombo.

Vita navyo vilipita hapo. Rwabugiri, mwami (mfalme) wa Rwanda, alivusha majeshi yake kwa mitumbwi kuishambulia Idjwi, na kifo kilimkuta 1895 akiwa katika safari ya vita ya upande wa Bushi, nchi ya Bashi kusini-magharibi mwa ziwa. Wajerumani walipotaka kulishika ziwa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Septemba 1914, walianza na kisiwa hicho hicho. Kila mwenye nguvu alielewa kwamba anayetawala vivuko anatawala nchi za pande zote.

Walicholeta wakoloni ni chuma, injini na magati. Si kidogo, nakubali. Lakini elimu ya ziwa lenyewe walikuwa nayo wavuvi: upepo wa kusini wa kiangazi, wapi mawimbi yanagonga, wapi ghuba inakuficha. Bado iko nao. Usiku utawaona, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu mbele na nyuma, taa zimewashwa kuwaita sambaza, wale samaki wadogo, wakipiga kasia kwa wimbo. (Sambaza mwenyewe ni mgeni, aliletwa kutoka Tanganyika mnamo 1959, na leo hatuwezi kumwazia Kivu bila yeye.) Mabato ya usiku lazima yawakwepe, na taa zao ndizo zinazowajulisha makapiteni wengi kwamba ufuko uko karibu.

"Bato ni la dharura, barabara ikifungwa"

Goma hadi Bukavu kwa barabara ni kilomita 200 hivi kupitia Sake, Minova na Kalehe, na mvua ikinyesha unaweza kulala njiani. Kanoti, boti dogo la mwendo kasi, linatumia saa mbili na nusu au tatu. Bato kubwa linakwenda polepole, lakini linabeba mgonjwa aliyelazwa, jeneza, pikipiki na harusi nzima. Volkano ilipolipuka Mei 2021, maelfu ya wenzetu walikimbia kwa njia ya ziwa kwenda Bukavu. Mapigano yalipoikata barabara ya Sake mapema 2024, chakula cha Minova, maharage, ndizi, nyanya, kikahamia majini, na wachuuzi pamoja nacho. Vyombo havikuongezeka kwa kasi hiyo. Anayewalaumu akina mama wale kwa kupanda chombo kilichojaa ajiulize kilikuwepo kipi kingine.

"Jile ni ya asiyejua kuogelea"

Aprili 2019, baada ya chombo kuzama upande wa Kalehe na watu wapatao 150 kuripotiwa hawajulikani walipo, Rais Tshisekedi alikuja na kuagiza kwamba kila abiria avae jile, yaani koti la kuokolea maisha. Tangu hapo jile zipo mabatoni, mara nyingi. Zipo kwenye dari, zimefungwa kwa kamba kwa mafundo makavu, zimepangwa vizuri kwa ajili ya ukaguzi. Jile iliyofungwa darini ni pambo.

Maji ya juu ya Kivu yana joto la nyuzi 23 au 24. Baridi yake haiui haraka. Mwenye jile mwilini anaweza kuelea saa nyingi akisubiri msaada. Muogeleaji hodari asiyenayo anashikwa na watu watano wanaozama, akaenda nao. Wavuvi ninaowajua wanaogelea tangu utoto, na wamezikana. Ila niseme wazi, jile haisahihishi mzigo. Aliyevaa akiwa ndani, chini ya paa, chombo kikipinduka, jile hiyo hiyo inambana juu asiweze kupiga mbizi atoke dirishani. Kwanza chombo kisijazwe, halafu jile, na avae pia mtoto, kwa saizi yake. Ya saizi ya mtoto nimeiona mara mbili maishani.

"Waliokuwemo wanajulikana, majina yameandikwa"

Baada ya ajali ya Kituku viongozi walitaja idadi tofauti za waliofariki. Sishangai. Orodha, manifeste tunavyoiita, hufungwa mezani, kisha watu wanaendelea kupanda. Wengine wanarukia kutoka kwenye mitumbwi wakati bato limeshatoka gatini. Na watoto wa mgongoni hawaandikwi kabisa.

Mwaka jana nilikuwa foleni nyuma ya mama mmoja kijana. Karani aliandika jina lake kwenye daftari la shule, akanyoosha mkono kwa anayefuata. Mama hakusogea. "Na huyu," alisema, akigeuza mgongo ili mtoto aonekane. Karani alimjibu kwamba mtoto halipi, kwa hiyo haandikwi. "Sikukuuliza bei, papa. Andika." Waliokuwa nyuma walianza kunung'unika, jua lilikuwa kali, mbeba mizigo mmoja akataka kumsukuma na mzee mmoja akamzuia. Karani alivuta pumzi, akamwuliza jina, akaliandika chini ya la mama yake, na pembeni akaweka namba: 64.