Hanoi: yanayosemwa na yaliyopo

"Vietnam ni joto mwaka mzima." Kusini, ndiyo. Hanoi, mji mkuu, iko kaskazini na ina baridi ya kweli: kati ya Desemba na Februari halijoto huweza kushuka hadi nyuzi 10, tena kwa manyunyu yanayolowesha nguo taratibu. Beba sweta na viatu visivyopitisha maji.

"Văn Miếu ni hekalu la Wabudha." Hapana. Lilijengwa mwaka 1070 kwa heshima ya Confucius, mwanafalsafa wa China wa kale, na mwaka 1076 kikaanzishwa hapo chuo cha kifalme, Quốc Tử Giám. Usiharakishe kwenye ua wa tatu kati ya nyua tano. Hapo yamesimama mabamba 82 ya mawe, kila moja juu ya mgongo wa kobe, yamechongwa majina ya waliofaulu mtihani wa juu wa dola kati ya 1442 na 1779. Wanafunzi huja kuomba baraka kabla ya mitihani, na kwa miaka mingi walikuwa wakisugua vichwa vya kobe hao hadi jiwe likalika. Ndiyo maana leo pana uzio. Tazama bila kugusa.

"Ngoja pikipiki zisimame ndipo uvuke." Pasipo taa utangoja mpaka giza liingie. Subiri mabasi na magari yapite kwanza, kwa kuwa hayawezi kukukwepa. Kisha ingia barabarani kwa mwendo mmoja wa polepole, macho yakielekea zinakotoka pikipiki. Dereva amekwisha kupima hatua zako na kuchagua apite mbele au nyuma yako. Ukikimbia, ukisita ghafla au ukirudi nyuma, unamharibia hesabu, na hapo ndipo watu hugongwa. Mwenye watoto azuru ziwa la Hoàn Kiếm kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, barabara za kulizunguka zinapofungwa kwa magari.

"Kaburi la Ho Chi Minh huingiwa wakati wowote." Hufunguliwa asubuhi tu, na Jumatatu na Ijumaa hufungwa. Mwili wa kiongozi huyo wa uhuru wa Vietnam umehifadhiwa humo, kwa hiyo funika mabega na magoti, usipige picha wala kutia mikono mifukoni.

Kuhusu pesa: noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Soma sifuri kabla ya kulipa teksi.

"Muislamu hana pa kuswali." Msikiti wa Al-Noor uko mtaa wa Hàng Lược namba 12, ndani ya mji wa kale, na asili yake ni wafanyabiashara wa Kihindi wa karne ya 19. Chakula ndicho cha kuangalia. Phở ni supu ya tambi: phở bò ni ya ng'ombe na phở gà ya kuku, ila nyama si ya halali mpaka mgahawa uwe wa halali. Bún chả ni nguruwe.