Reli ya mizigo maana yake nini? Twende Florida tukaione

Ukisema "reli ya mizigo" wengi wanawaza treni ndefu imebeba makontena, basi. Hawajakosea, ila ukienda Marekani neno hilo ni zaidi ya treni, kule reli ya mizigo ni kampuni. Yenyewe ndo mwenye ardhi ambayo reli imepita, mataruma ni yake, madaraja yake, vichwa vya treni vyake, dereva analipwa nayo, na daraja likibomoka inajijua. Sisi tumezoea shirika la reli ni mali ya serikali, kwa hiyo hii inachanganya kidogo mwanzoni.

Mfano wangu ni Florida East Coast Railway, wenyewe wanaifupisha FEC, na nimeichagua sababu njia yake haivuki mpaka wa jimbo. Inaanzia Jacksonville kule kaskazini, inashuka na pwani ya Atlantiki hadi Miami, maili 351, kama kilomita 565 hivi, imeisha hapo. Marekani reli zinapangwa madaraja kwa mapato ya mwaka, daraja la kwanza zipo kampuni 6 tu, kina BNSF, Union Pacific na CSX, hii FEC ni ya daraja la pili. Mzigo wa kutoka Chicago au Atlanta unaletwa na CSX au Norfolk Southern, nayo ni ya daraja la kwanza, mpaka Jacksonville, pale FEC inaupokea na kuumalizia safari, kama vile unavyoshuka basi la mkoani ukadandia daladala ya kwenda mtaani kwenu.

Cha kuchekesha, haikujengwa kwa ajili ya mizigo kabisa. Henry Flagler alitajirikia kwenye mafuta na Rockefeller, wale wa Standard Oil, uzeeni akaipenda Florida akajenga hoteli ya kifahari mji wa St. Augustine, kusini kidogo ya Jacksonville, kumbe wageni hawana usafiri wa maana wa kuwafikisha. 1885 akanunua kareli kadogo ka pale, akawa anasukuma njia kusini, na kila reli inapofika anapiga hoteli nyingine. Msimu wa baridi wa 1894 kuingia 1895 baridi ikaunguza michungwa ya Florida, ila kusini kabisa huko Miami mambo yalikuwa shwari, na mama mmoja mwenye ardhi pale, Julia Tuttle, alishamwambia Flagler siku nyingi lete reli nikupe nusu ya ardhi yangu. Watu wanapenda kusimulia kwamba alimtumia maua ya mchungwa kumshawishi, mimi naona ni ardhi tu iliyomvuta mzee. Aprili 1896 treni ikafika, Julai mwaka huohuo Miami ikawa mji rasmi, na kabla ya hapo nyumba zilikuwa za kuhesabu.

Mzee hakutosheka, 1905 akaanza kupeleka reli juu ya bahari kupitia visiwa mpaka Key West, kimbunga cha 1906 kikaua wafanyakazi zaidi ya 100 lakini kazi ikaendelea, treni ya kwanza ikaingia Januari 1912, yeye akafariki mwaka uliofuata. Kampuni ikafilisika 1931 na 1935 kimbunga kingine kikaivunjavunja ile njia ya baharini. Hawakuirudisha, waliliuzia jimbo, na madaraja yakatumika kupitisha barabara ya magari.

Sasa iligeukaje kuwa ya mizigo? Hapa ndo penye utamu. Baada ya miaka 30 ya ufilisi ikaangukia mikononi mwa Ed Ball, aliyekuwa anasimamia mali za marehemu shemeji yake Alfred du Pont, na huyu mzee alikuwa mgumu kama jiwe. Januari 1963 vyama vya wafanyakazi vikataka nyongeza ya kama senti 10 kwa saa, nyongeza ambayo reli nyingine zilishakubali, Ball akasema hana, mgomo ukaanza, na siku chache baadaye akaanza kuendesha treni za mizigo kwa kutumia mameneja na watu wapya. Yakatokea ya kutisha, treni zililipuliwa kwa baruti, na mgomo uliburuza zaidi ya miaka 10. Treni za abiria zilisimama, mahakama ikailazimisha irudishe, ikarudisha kwa shingo upande, 1968 ikazizika kabisa. Huku nyuma ikawa inaendesha treni na watu 2 pale ambapo zamani walikuwa 5, ikaweka mataruma ya zege badala ya mbao. Ukiuliza upande wa kampuni watakwambia hiyo ndo iliyoiokoa, familia za waliogoma kazi ikawaponyoka zina maneno mengine, na siwalaumu.

Tuje kwenye pesa, maana ukitaka kuijua hali ya jimbo angalia treni yake imebeba nini. FEC inabeba vitu viwili vikubwa. Cha kwanza mawe. Magharibi mwa Miami kuna machimbo makubwa ya mawe ya chokaa, yanasagwa kokoto, yanapakiwa mabehewa kwa mabehewa kwenda kaskazini, ndo zege na barabara za Florida hizo. Cha pili makontena, mengine yanatoka melini bandari ya Miami na Port Everglades, ambako tangu 2014 kuna yadi ya kuyahamishia kwenye treni hapohapo jirani na gati, mengine yanashuka kutoka majimbo ya kaskazini yamejaa vyakula na bidhaa za madukani. Treni moja inaondoa mamia ya malori kwenye barabara ya I-95.

Ila kuna tatizo ambalo dereva yeyote wa lori analijua, mzigo wa kurudi. Florida inakula kuliko inavyozalisha, watu wengi, watalii wengi, wastaafu wengi, viwanda sio vingi kihivyo, kwa hiyo makontena yanaingia yamejaa na mengi yanarudi tupu. Tupu nayo ina gharama, inakula mafuta na nafasi. Ndo maana kontena la bandarini linalopanda kaskazini likiwa na mzigo ni lulu kwao.

2017 kampuni ikanunuliwa na Grupo México, Wamexico, kwa dola bilioni 2.1, lakini haki ya kupitisha abiria haikwenda nao. Brightline, kampuni binafsi, ikaanza kukimbiza treni za abiria kwenye njia ileile Januari 2018, na Septemba 2023 ikafika Orlando. Yaani abiria waliofukuzwa na mgomo wamerudi kwa mlango wa nyuma. Na kwa kuwa miji yenyewe ndo iliifuata reli, njia inakatiza katikati ya watu, vivuko vya barabarani kila hatua na ajali hazikauki. Pale Fort Lauderdale kuna daraja la reli la kunyanyuka juu ya New River, treni ikija linashushwa, wenye boti wanakaa majini wanasonya mpaka mabehewa yaishe.