Askari kanzu halazimiki kujitaja

Wauza dawa za kulevya wa Marekani, na wengi wetu tuliolishwa filamu zao, wameamini muda mrefu kwamba ukimuuliza mnunuzi "wewe ni askari?" naye akakana, kesi imekufa. Si kweli. Sheria ya huko inamruhusu askari kanzu kudanganya kuhusu kazi yake. Kazi yenyewe isingewezekana vinginevyo.

Kinachochanganywa hapa ni utetezi wa kutegwa, yaani mshtakiwa kudai kwamba serikali ndiyo iliyomshawishi atende kosa, nao upo kweli. Mwaka 1958, katika kesi ya mshtakiwa Sherman, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hatia yake ya kuuza dawa za kulevya. Mtoa habari wa serikali alikutana na Sherman kwa daktari, wote wakitibiwa uraibu. Akamlilia hali: matibabu hayamsaidii, anateseka, amtafutie dawa za kulevya. Sherman akakwepa mara kadhaa, mwishowe akakubali. (Unyama huo wa kumrudisha mgonjwa shimoni hausahauliki.)

Mahakama haikujali uongo wenyewe. Ilitazama chanzo cha kosa: je, serikali ndiyo iliyompandikizia wazo mtu asiyekuwa na mwelekeo huo? Muuzaji aliyekuwa tayari na mzigo, akisubiri mteja, utetezi huu haumfai.