Nguo ya usiku wa Shivaratri: anza na kiuno

Januari ikielekea ukingoni, wateja wangu wa Kihindu huanza kuniletea vitambaa vya Maha Shivaratri, siku ya kumfungia mungu Shiva na kukesha kwa ibada, na wengi hutangulia kuuliza rangi. Mimi huwarudisha kwenye kiuno. Nimeshona nguo za ibada kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na malalamiko ninayoyasikia baada ya mfungo ni yale yale: kamba ilinikata tumbo, suruali ilinibana nilipokaa, jasho lilinimaliza. Rangi haijawahi kumtesa mtu usiku kucha.

Kwanza tuiangalie siku yenyewe. Shivaratri huangukia usiku wa kumi na nne wa nusu ya mwezi inayofifia, mwezi ukikaribia kwisha kabisa. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 8 Machi, 2025 ikawa 26 Februari, na 2026 ni 15 Februari. Wapo wanaofunga bila hata tone la maji. Wengine hunywa maziwa na kula matunda, viazi, karanga au sabudana, zile punje nyeupe za sago zinazopikwa na viazi. Usiku ni mkesha wa zamu nne, kila zamu kama saa tatu, na katika kila zamu linga, jiwe linalomwakilisha Shiva, huogeshwa kwa maji, maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, kisha huwekewa majani ya bilva, mti mtakatifu kwa Shiva. Mfungo hufunguliwa asubuhi jua likishachomoza. Kwa hiyo nguo utakayoivaa utapanga nayo foleni, utakaa nayo chini miguu ikiwa umeikunja, utainama nayo na chombo cha maziwa mkononi, utarushiwa maji, na utapita nayo karibu na taa za samli. Vioo vya madukani havikuonyeshi lolote kati ya hayo.

Halafu kuna suala la hali ya hewa, na hapa ndipo watu wanapokosea kwa kuiga picha. Kwenye miji ya ibada ya India kama Ujjain na Varanasi, usiku wa Februari una ubaridi. Hariri nzito na shali ya sufu kule ni stara na joto kwa pamoja. Kwetu pwani huo ndio msimu wa joto kali, mchana hupita nyuzi 30 na usiku hewa haipoi vya kutosha. Ukivaa hariri yenye nakshi nzito ukiwa umefunga bila maji, unatoa jasho ambalo huna namna ya kulirudisha mpaka kesho asubuhi. Sisemi hariri ni mbaya, kwa heshima yake ya ibada naielewa sana. Nasema mwenye kuipenda aivae kwa saa moja ya arati, ibada ya kuzungusha taa mbele ya mungu, kisha abadilishe.

Sasa kiuno. Tumbo la mtu aliyefunga halitulii. Mchana limekuwa tupu na limelegea, jioni limepokea maziwa na viazi, likajaa gesi. Nguo iliyopimwa ukiwa umesimama, tena umeshiba kawaida, haiwezi kulifuata. Ndiyo maana mteja wa Shivaratri simpimi akiwa amesimama tu. Namtandikia mkeka, anakaa kama atakavyokaa hekaluni, halafu nazungusha futi upya. Kwa wengi kiuno huongezeka inchi moja na nusu, wengine mbili. Kipimo ninachokifuata ni hicho cha kukaa.

Kwa suruali na salwari, ile suruali pana ya Kihindi, naweka lastiki pana, ya inchi moja na nusu au zaidi, isiyovutwa sana. Kamba nyembamba inabeba uzito wote kwenye mstari mmoja wa ngozi, lakini lastiki pana inautawanya. Mkanda usiufikirie kabisa, kwa sababu mahekalu mengi hayapendi ngozi ya mnyama iingie ndani, na ukiutegemea mkanda utashika suruali kwa mkono usiku mzima.

Wanaovaa sari wana jambo lao, gagulo, ile sketi ya ndani. Sari yote, mita tano na ushei, inaning'inia kwenye kamba ya gagulo, na akina mama waliozoea huikaza mpaka inaacha alama nyeusi kiunoni. Mwaka 2024 madaktari wa India walichapisha taarifa ya wanawake wawili wazee waliopata saratani ya ngozi kiunoni, mmoja mahali kamba ya gagulo ilipokuwa ikisugua kwa miaka mingi, mwingine mahali alipokuwa akikaza sari yenyewe bila gagulo. Si jambo la kumtisha mtu kwa usiku mmoja, ni jambo la kumfanya abadili mazoea. Niliwahi kubishana na mama mmoja mtu mzima, wajukuu zake humwita Ba, nami namwita hivyo.

“Shikamoo, Ba.”

“Marahaba, mwanangu. Kamba niachie, bila kamba sari itaanguka.”

“Haitaanguka, Ba. Nakushonea mkanda wa kitambaa, vidole vinne upana, na kulabu za kurekebishia.”

Alikubali kwa shingo upande. Mkanda huo ulikaa chini kidogo ya kitovu, ukashika vizuri kuliko kamba, na sasa magagulo yake yote ananiletea niyageuze.

Wanaume nawashauri dhoti, kitambaa kirefu cha kufunga kiunoni, kama wanaijua. Kwenye hekalu la Mahakaleshwar, Ujjain, wanaume wanaohudhuria arati ya majivu alfajiri hutakiwa kuivaa, na wanawake sari. Ukiacha heshima, dhoti ina akili: ni pamba isiyo na mshono, unaifunga mwenyewe na kuilegeza mwenyewe. Asiyeijua avae kurta, lile shati refu, na pajama pana. Kurta yenye taharizi pembeni na kwapa lililotiwa kipande, kama kanzu, inakuruhusu kunyanyua mkono kumwaga maziwa bila nguo nzima kupanda juu. Churidari, ile suruali inayobana vigimbi vya miguu, iache nyumbani. Ukikunja miguu saa tatu ndani yake utasimama umekufa ganzi.

Kitambaa ni pamba, na pamba kweli. Sokoni utaambiwa “pamba tupu” huku ni mchanganyiko. Chomoa nyuzi mbili ukingoni, uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta inayeyuka, inajikunja, na kubaki kidonge kigumu cheusi. Hicho kidonge ndicho kitakachoganda kwenye ngozi yako ukiguswa na moto wa taa. Pamba nayo inashika moto, kwa hiyo ncha ya mtandio ichomekwe kiunoni kabla hujakaribia arati, na mitandio ya wavu yenye vimetameta isikaribie kabisa.

Melimeli nyeupe ni nzuri mno kwa joto letu, na nyeupe inapendwa siku hiyo. Ila ikilowa inaonyesha kila kitu. Weka bitana ya pamba nyepesi sehemu ya mbele, au vaa shimizi ya rangi ya ngozi yako. Shimizi nyeupe chini ya nyeupe iliyolowa inajichora.

Kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, maana pamba husinyaa, kisha nguo ifuliwe tena kabla ya siku yenyewe ili dondo litoke lote. Dondo na jasho la mwenye kiu huwasha shingoni na mapajani. Chukua pia kanga au shali ya pamba. Inapofika saa tisa usiku, aliyekaa na njaa kwenye sakafu ya marumaru huhisi baridi hata Dar.

Ukishafungua, usiitupe nguo kwenye maji ya moto. Maziwa na mtindi hushikamana na uzi yakipata joto. Loweka kwenye maji baridi kwanza, suuza asali na sukari zitoke, ndipo upake sabuni ya kipande kwenye madoa ya samli na kutumia maji ya vuguvugu. Liwa na majivu yakung'ute yakiwa makavu kabla ya maji kuyagusa.