Krediti ya CLEP anayeitoa ni chuo

Jumamosi tulikuwa kwenye arobaini ya mzee wetu mmoja hapa Dallas, watu wameshakula pilau, wazee wako kwenye chai, nikamsikia kaka mmoja anamshauri kijana aliyefika Marekani mwezi wa tatu kuhusu CLEP, mitihani ya huku ya kupimwa somo la chuo bila kulisomea darasani. "We piga CLEP tu, kila mtihani unakupa krediti tatu, ukipiga ishirini una nusu ya digrii mkononi, unaenda nazo chuo chochote." Mama wa yule kijana akadakia, "na huo mkopo riba yake ikoje?" Nikasema leo nikifika nyumbani naandika, maana hii ni mara ya nne ama ya tano mwaka huu na wote wawili wameteleza kwenye neno moja, krediti.

Maana yenyewe ni fupi. Vyuo vya Marekani vinahesabu digrii kwa krediti, digrii ya kwanza kwa kawaida ni 120 na somo moja la muhula mara nyingi ni 3. Badala ya kukaa darasani muhula mzima unaweza kufanya mtihani sanifu, ukifikisha alama wanayotaka unaandikiwa krediti za somo hilo kana kwamba ulilisoma pale. Mitihani ya namna hiyo iko kadhaa. AP ni ya wanafunzi wa sekondari, inafanyika mwezi wa tano, alama 1 mpaka 5. CLEP anafanya mtu wa umri wowote, alama 20 mpaka 80, mingi ni ya dakika 90. DSST ilianzia kwa wanajeshi. SAT haimo humu, hiyo ni ya kuombea nafasi ya chuo.

Sasa neno lenyewe. Krediti kwetu limebebeshwa mizigo mingi mno. Nairobi ukisema umeishiwa kredo maana yake huwezi kupiga simu. Bongo ukisema mtoto ana krediti tano kidato cha nne, ni masomo matano aliyopata C kwenda juu. Benki ni mkopo, na huku kuna krediti skoo, alama ya jinsi unavyolipa madeni, ambayo ndo inaamua kama utapangishiwa nyumba, kwa hiyo yule mama wala simlaumu. Ila yote hayo yana mama mmoja, Kilatini credere, kuamini, na creditum ni kitu ulichomwachia mtu kwa sababu unamwamini. Sisi tunalo wazo hilo hilo kwa njia ya Kiarabu, angalia amini, imani, amana, mzizi mmoja. Amana unaweka kwa unayemwamini. Mwenye duka anayekuandika kwenye daftari lake ameamini utalipa mwisho wa mwezi, na chuo kinachokuandikia krediti kimeamini kwamba somo hili unalijua. Ukishaliona hivyo swali linalofuata linakuja lenyewe: nani anaamini?

Zamani walichokuwa wanaamini ni saa. Mwaka 1905 Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 za pensheni ya maprofesa, na vyuo vilivyotaka kuingia kwenye mpango ule vikatakiwa kupokea wanafunzi waliosoma saa kadhaa zinazohesabika sekondari, basi kuhesabu masomo kwa saa kukashika mizizi mpaka vyuoni. Hadi leo krediti moja kwa kawaida ni saa moja ya darasa kwa wiki kwa muhula wa wiki kama 15. CLEP ilipokuja 1967 chini ya College Board, shirika lenye mitihani hiyo, ilikuwa na hoja nzito sana na mimi naipenda: mtu mzima aliyejifunza kazini, jeshini au kwa vitabu vyake usiku, naye anajua, mpimeni.

Ila College Board inapima tu. Inapeleka alama. Kuna baraza linaitwa American Council on Education, hilo linapendekeza 50 iwe ya kufaulu, linapendekeza, halilazimishi. Chuo kimoja kitakubali 50, kingine kitataka zaidi, kingine kitapokea Kihispania kikatae hesabu, na kuna vyuo havipokei CLEP hata moja. Vingi pia vinataka sehemu fulani ya digrii usomee kwao, hata ufaulu mitihani yote iliyopo.

Dada mmoja ninayemfahamu anafanya kazi nyumba ya wazee, zamu za usiku, alisoma bailojia miezi mitatu kwenye simu wakati wa breki. Siku ya mtihani kaacha simu kwenye loka, kapewa karatasi ya kukokotolea, amemaliza tu skrini ikamwandikia 58 pale pale. Akalia kwa furaha kwenye paking. Chuo chake kikampa krediti 6, kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo, pale wenzake walipo na A au B yeye ana CR, yaani krediti bila gredi, haiingii kwenye GPA, wastani wa alama zake, lakini somo limehesabika. Mwaka uliofuata akahamia chuo kingine kusomea unesi, wakamwambia bailojia yetu ina maabara na hiyo yako haina, rudia. Alama yake bado ilikuwa 58, haikupungua hata moja, ila huku hawakuamini kilichoaminiwa kule. Aliyemponza ni yule aliyemwambia unaenda nazo popote.

Na wengine wanachanganya na RPL ya nyumbani Tanzania, utaratibu wa vyuo vikuu wa kutambua ujuzi ulioupata kabla. Ile pia inatambua ulichojifunza nje ya darasa, lakini inakufungulia mlango wa kuingia chuo, ukishaingia unasoma kozi zote. CLEP inapunguza masomo ya mtu aliye ndani au anayeingia.

Simkatazi mtu. Ndugu zetu Wakongo na Warundi waliosoma kwa Kifaransa wana mtihani wa Kifaransa unaosubiri, pendekezo la baraza lile ni krediti 6 mpaka 9 kulingana na alama, kwa lugha waliyoizungumza shuleni tangu wadogo, na wengi hawajui. Kiswahili hakimo, inauma.

Kwa hiyo mama, hakuna riba, unalipia mtihani mara moja, kama dola 100 hivi na kituo kinaongeza yake kidogo, na shirika la hisani la Modern States wana kozi za bure mtandaoni ambazo ukimaliza wanakulipia. Na kaka, ushauri wako ni mzuri, ugeuze kidogo tu: sema mtihani unampa alama, krediti ataiomba chuoni. Kijana kabla hajalipa aingie tovuti ya chuo atakachochukulia digrii, atafute jedwali lao la CLEP, asome mstari wa somo lake mpaka mwisho, pale wanapoandika inahesabika kama kozi gani, maana kuna kozi ya lazima na kuna ya kujazia.